Mandolini Iliyonukia Udi

Wewe unayesikiliza, umewahi kumtwika mwenzako kosa lako, akalibeba, nawe ukakaa ukimtazama anavyopita nalo? Usijibu upesi. Wanaojibu upesi swali kama hilo ndio wa kushukiwa. Sikiliza kwanza, maana mwishoni kuna swali jingine, na hilo ni gumu zaidi.

Ilikuwa hapo zamani, tena si zamani za masultani na majini. Ni zamani za majuzi tu, wakati redio ikiharibika ilipelekwa kwa fundi na si jalalani. Katika mji wa Tanga, mtaa wa Ngamiani, alikuwapo mwimbaji wa taarab jina lake Bi Kidawa. Huyu alikuwa mwanamke asiyevumilia kujifanya. Ukimwamkia kwa sauti ya asali anakuuliza unataka nini. Ukimsifu kwamba hazeeki anakuuliza kama macho yako umeyapima. Hata sauti yake ilipoanza kukwaruza, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kulisema: "Kule juu sifiki tena. Nikijaribu, nabweka."

Mumewe, Mzee Hemedi, alikuwa fundi mitambo wa korona, pale mkonge unapokamuliwa ukatoka nyuzi. Mgiriki mmoja aliyekuwa meneja wa shamba, siku alipofungasha kurudi kwao, alimwachia mandolini. Tumbo lake lilikuwa la mbavu mbavu kama nusu ya tikiti, shingo nyembamba, na nyuzi nane zinazokwenda mbili mbili. Hemedi akajifundisha kuipiga. Miaka ishirini na sita katika Klabu ya Mawaridi, Bi Kidawa aliimba na mandolini ikamjibu. Watu walisema wale wawili hawagombani nyumbani kwa sababu wanamalizana jukwaani.

Kisha Hemedi akafa, na mandolini ikatundikwa msumarini chumbani.

Baada ya miaka miwili ikaharibika. Uso wake ulibonyea ndani ukapasuka, na nyuzi zikalegea kama kamba ya nguo. Aliyekuwa ameiazima mara ya mwisho ni Kibwana, rafiki wa Hemedi, aliyeipiga kwenye harusi moja Chumbageni na kuirudisha Alhamisi. Jumamosi, Bi Kidawa alisimama ukumbini mbele ya wanachama wote akasema, "Kibwana ameivunja." Kibwana aliinamisha kichwa. Hakubisha. Klabu ikamtoa.

Toka siku hiyo Kibwana hakugusa ala yoyote. Alikaa barazani kwake akidarizi kofia, na kila alipofika mbele ya nyumba ya Bi Kidawa alivuka barabara akapita upande wa pili. Miaka tisa alivuka.

Sasa klabu ilikuwa inatimiza miaka hamsini. Kikao kikaitwa. Katibu, Bwana Semhando, mtu wa tai na maneno marefu, akasimama.

"Napendekeza ile mandolini ya marehemu tuiweke kwenye kabati la kioo. Ni turathi. Ni kielelezo adhimu cha..."

"Cha nini?" akauliza Bi Kidawa. "Mandolini isiyolia ni kuni zilizochongwa vizuri. Ukiiweka kabatini na mimi nitieni humo humo, tutazamwe wote wawili."

Watu wakacheka. Katibu akairekebisha tai yake.

"Sasa bibi, wewe unatakaje?"

"Nataka ilie. Siku ya sherehe niimbe nayo mara moja, kabla sauti yangu haijaniaga. Na atakayeirudishia sauti aichukue, iwe yake."

"Iwe yake kabisa?"

"Umesikia mara ya kwanza, Semhando."

Wa kwanza kubisha hodi alikuwa Fundi Singano, seremala wa vitanda. Aliipokea mandolini kwa mikono miwili kama anayepewa mtoto mchanga, akaigeuza, akaigonga tumboni, akainusa.

"Bi Mkubwa, hii ilikuwa inakwenda harusini peke yake? Inanukia kuliko bwana harusi."

"Umeitwa kunusa au kutengeneza?"

"Vyote viwili ni kazi."

Aliubandua uso kwa kisu chembamba na kitambaa cha maji moto, taratibu, akachungulia ndani.  Ndani kulikuwa kweusi.

"Bi Mkubwa," akasema, "gundi ya mandolini hii ni ile ya zamani, ya kuchemsha ngozi. Gundi ile ukiipa joto inalainika. Hii imelainika. Hii imekaa juu ya moto."

"Nyumba yangu ya bati. Jua la Tanga si moto?"

"Jua halina masizi, Bi Mkubwa."

Bi Kidawa akautazama mlango. Singano akamtazama Bi Kidawa. Kisha akavikusanya vifaa vyake akaenda zake na mandolini kwapani, maana yeye alikuwa fundi, hakuwa hakimu.

Wewe nikuambie, kwa kuwa wao hawakuambiwa. Hemedi alipokuwa hai, kila Ijumaa Bi Kidawa alimfukizia kanzu: makaa kwenye chetezo, udi juu ya makaa, kitenga juu ya chetezo, kanzu juu ya kitenga. Hemedi alipokufa, kanzu zikagawiwa, na mkono wa Bi Kidawa ukabaki na Ijumaa isiyo na kazi. Basi akawa anaifukiza mandolini. Dakika chache tu, anaitoa, anaitundika, chumba kizima kinanukia mume. Lakini Kibwana alipoirudisha ilikuwa inanuka sigara za watu. Ijumaa ile akaongeza makaa. Jirani akaita mlangoni. Wakaanza kuizungumza harusi ile ile ya Chumbageni, nani alivaa nini, nani hakualikwa akaenda, na mazungumzo yakanoga. Bi Kidawa aliporudi ndani uso wa mandolini ulikuwa umebonyea kama chapati iliyokosa moto.

Alisimama pale akaitazama. Kisha akafanya lile alilolichukia kwa kila mtu mwingine duniani. Akajifanya.

Huko kwa Singano gundi ilikataa. Moshi wa udi wa miaka miwili ulikuwa umeacha utando wa mafuta kwenye mbao. Akapaka gundi, akafunga kwa kamba, akangoja siku mbili, akafungua: uso ukabanduka. Akapaka tena, akafunga, akangoja, akafungua: ukabanduka. Ndipo alipochukua kipande cha kioo kilichovunjika akaanza kuukwangua ule weusi, unywele kwa unywele, siku kumi na moja. Na zile mbavu za ndani zinazoushika uso usibonyee zilikuwa zimekatika. Mbavu zile zinataka mbao kavu, kavu ya miaka, na mbao za dukani zote zilikuwa bado mbichi. Nyumbani kwake Singano alikuwa na kitanda cha mkangazi alichokilalia marehemu mama yake. Akautoa mfumbati mmoja, ule ubao mrefu wa ubavuni, akaukata.

Mandolini ikarudi. Ilikuwa nzima, inang'aa. Bi Kidawa akaigonga kwa ukucha.

"Iko wapi sauti?"

"Bi Mkubwa, mimi ni seremala wa vitanda. Vitanda vyangu vikilia watu hurudisha."

Basi ilikuwa nzima, lakini bubu.

Wa pili kubisha hodi alikuwa Mwantumu, fundi redio wa karibu na soko. Mwanamke huyu, wanaume walikuwa wakimletea redio wanamwuliza fundi yuko wapi. "Ndiye huyu anayekutazama," anawajibu. "Weka hapo, sema ina nini, nenda."

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Umekuja na nyuzi?"

"Nyuzi za mandolini mji huu haziuzwi tena. Nimekuja na akili."

"Haya. Hizo nazo ni adimu."

Mwantumu akachukua waya wa breki za baiskeli, akaufumua uzi mmoja mmoja, akachagua ule ulionyooka. Zikatoka nyuzi nyembamba nne. Nyuzi nne nene zilitaka kuzungushiwa shaba, nyembamba kama unywele wa mtoto, na shaba ya namna hiyo ilikuwa mahali pamoja tu: ndani ya redio kubwa ya mbao aliyoachiwa na baba yake, ile aliyokuwa hamruhusu mtu hata kuifuta vumbi. Akaifungua. Akaitoa shaba yake, akaizungusha kwenye waya kwa gurudumu la cherehani. Kisha akavishika vile vyuma vya shingoni ambapo vidole hubonyeza nyuzi, vilivyolika kama meno ya mzee wa ugoro, akavipiga tupa vyote vikawa kimo kimoja. Siku ya kukaza, uzi mmoja ukakatika ukamchapa juu ya jicho. Upana wa kidole kimoja chini, Tanga ingekuwa na fundi mwenye jicho moja.

Mandolini ikarudi. Bi Kidawa akaupiga uzi mtupu, ukalia vizuri. Akabonyeza chuma cha tano, sauti ikapinda. Akabonyeza cha kumi, akaikunja sura.

"Mwanangu, hii inaimba kama mimi sasa hivi."

"Kasoro iko kwenye daraja, shangazi." Mwantumu akamwonyesha kijiti cha mbao kilichokaa juu ya uso, nyuzi zinapita juu yake. "Hiki hakigundishwi. Kinashikwa na mgandamizo wa nyuzi peke yake. Kikihama kiasi cha unene wa ukucha, kila sauti ya juu inakuwa uongo. Na uso ulipobanduliwa, alama yake ilipotea."

Basi ilikuwa nzima, ina sauti, lakini mwongo.

"Nani anajua kilipokaa?"

"Aliyewahi kuipiga."

"Hemedi amekufa."

"Si yeye peke yake aliyeipiga, shangazi."

Bi Kidawa akaifunika mandolini kwa kanga.

"Huyo asitajwe nyumbani kwangu."

"Sitamtaja," akasema Mwantumu, huku anavaa viatu. "Nitamwita tu."

Wa tatu hakubisha hodi. Kibwana alikuja baada ya swala ya alasiri, kofia aliyokuwa akiidarizi ikiwa bado mkononi, sindano imechomekwa. Mara ya kwanza kwa miaka tisa hakuvuka barabara. Akakaa barazani, mgongo ukutani, akasema kuelekea dirishani bila kugeuka:

"Shemeji, sitaingia. Nipitishie hapa."

Bi Kidawa akaipitisha mandolini dirishani. Mikono yao haikugusana.

Siku sita alikuja. Kila siku baada ya alasiri alikaa pale pale, akalegeza nyuzi, akalisogeza daraja kiasi cha unene wa uzi wa kudarizia, akakaza, akasikiliza, akalegeza tena. Alipopata mahali palipokaribia, alipawekea uzi wa buluu uwe alama, kesho yake akauondoa akauweka pengine. Kijiti chenyewe kilikuwa juu mno. Akakikwangua kwa wembe, kukwangua na kupuliza, kukwangua na kupuliza. Na Bi Kidawa siku zote sita alikuwa ndani, chini ya dirisha lile, anachambua mchele. Mchele ule ule. Ilipofika siku ya tano haukuwapo mchele safi kama ule Tanga nzima.

Siku ya sita sauti zikapanda moja moja kutoka uzi mtupu mpaka chuma cha mwisho, na zote zikawa za kweli. Kisha Kibwana akapiga mwanzo wa wimbo wa Hemedi. Mkono wa Bi Kidawa ukasimama kwenye ungo. Mdomo wake ukafunguka wenyewe, maana pale ndipo alipokuwa akiingia, miaka ishirini na sita alikuwa akiingia pale pale. Huko nje mandolini ikafika mahali pake, ikanyamaza, ikamngoja.

Bi Kidawa akaufunga mdomo.

Kibwana alingoja kidogo zaidi. Kisha akaipitisha mandolini dirishani, akaiokota kofia yake akaondoka.

Jumapili watu wakajaa ukumbini. Sherehe ilikuwa bado mbele, lakini ndiyo ilikuwa siku ya kutimiza ahadi. Mandolini ililazwa mezani juu ya kanga, Bi Kidawa amekaa pembeni yake. Mwantumu aliipiga kidogo ili wote wasikie, wakasikia, wazee wawili wakatoa vitambaa vyao. Katibu akaomba kila mwenye dai aseme.

Fundi Singano akasimama. "Mimi nimeipa mwili. Iliingia kwangu ikiwa vipande, nimeikwangua siku kumi na moja, gundi imenikataa mara mbili sikukata tamaa. Mbavu zilizomo ndani yake ni za kitanda alichofia mama yangu. Sasa kitanda kimelala upande. Mwantumu mwanangu, bila mimi nyuzi zako ungeanikia nguo."

"Na bila nyuzi zangu, baba, mwili wako wangepakulia wali," akasema Mwantumu, ukumbi ukacheka. Akaligusa kovu lake juu ya jicho. "Mimi nimeipa sauti. Ahadi ilisema sauti, haikusema mwili. Nimeifungua redio ya baba yangu, na redio ile haitasema tena maisha yake yote. Tena mnaniona hapa na macho mawili kwa bahati tu."

Watu wakaguna, huku na huku. Katibu akageukia mlangoni.

"Na Mzee Kibwana?"

Kibwana alikuwa amesimama kizingitini, nusu ndani nusu nje, maana klabu ilikuwa haijamrudisha.

"Mimi sidai."

"Mzee, bila wewe ingekuwa inatoa uongo mtupu," akasema Mwantumu. "Dai!"

"Sidai. Nani anadai tuzo kwa kutengeneza alichokivunja?" Akakohoa. "Siku ya harusi ile niliukaza uzi mwembamba kupita kiasi, nimfikie mwimbaji. Hemedi alikuwa amenikataza, alisema uso ule hautaki. Mimi nikakaza. Mwanzo nilijiuliza, labda siyo ule uzi. Nikajiuliza mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Siku hizi sijiulizi. Ni ule. Shemeji alisema kweli."

Sasa sikiliza. Bi Kidawa miaka yote tisa alidhani Kibwana anajua. Alidhani ananyamaza kwa kiburi, kwa kumdharau, na dharau ile alikuwa ameizoea, hata ilimfaa: mtu anayekudharau huna deni naye. Halikumpitia akilini hata siku moja kwamba Kibwana ameuamini uongo wake. Kwamba alikaa barazani kwake na sindano, kofia baada ya kofia, akiitafuta dhambi yake mwenyewe mpaka akaipata.

"Uungwana ulioje!" akasema katibu, na tai yake ikapanda na kushuka. "Mzee amekiri hadharani. Tumpigie makofi kwa moyo huu adhimu wa..."

Makofi yakaanza.

"Semhando, kaa," akasema Bi Kidawa.

Katibu akakaa. Makofi yakafa moja moja. Bi Kidawa akasimama, mkono mmoja juu ya shingo ya mandolini.

"Singano, uliniuliza masizi yametoka wapi, nikakutajia bati. Haya, ni ya chetezo changu." Sauti ilikuwa inakwaruza, hakuisafisha. "Kibwana, nitazame. Uzi wako haukuwa na kosa. Uliirudisha nzima, Alhamisi, nimeipokea kwa mikono hii. Ijumaa nikaiweka juu ya makaa niifukize, nikaenda mlangoni kusengenya, nikaisahau. Niliporudi imekwisha. Nilijua Ijumaa ile ile. Nilijua Jumamosi niliposimama hapa hapa nikakutaja. Nilikutaja wewe kwa sababu ulikuwa wa mwisho kuishika, na kwa sababu nilikujua kuwa hubishi. Na kila siku ulipovuka barabara nilikuwa dirishani, nakuona. Ni mimi niliyeivunja."

Watu wakamgeukia Kibwana kizingitini, kisha wakamgeukia yeye.

Haya, wewe unayesikiliza. Mandolini ingali mezani juu ya kanga, na mkono wa Bi Kidawa ungali shingoni mwake. Ahadi ilikuwa ya mtu mmoja, na ilitolewa mbele ya watu. Yuko Singano, aliyekwangua siku kumi na moja masizi ambayo mwenyewe alijua si ya jua, akakikata kitanda cha mama yake. Yuko Mwantumu, aliyeinyamazisha redio ya baba yake ili hii iseme. Yuko Kibwana, aliyepapata mahali pa ukweli kwa unene wa uzi, akalipa miaka tisa kwa kosa ambalo hakulifanya, kisha akasema hadai. Usiniambie wagawane, ni mandolini, si mkate. Ungekuwa wewe ndiye Bi Kidawa, na watu wote wanakutazama, ungemkabidhi nani?